Ukuta wa Ugali

Kwa miaka thelathini na miwili Onesphory wa kijiji cha Gitting na mkewe Natalia walikula sinia moja. Wanaume wenzake walimcheka, eti mwanamume anakula sebuleni na wageni na mke anakula jikoni na watoto. Yeye aliwajibu kwamba ugali wa kula peke yako ni kazi kama kazi nyingine, na kazi anazo za kutosha. Kisha ikaja presha.

Muuguzi wa zahanati, binti mpole aitwaye Perpetua, alimpima mara mbili kwa kutoamini, akampa vidonge. "Baba, chumvi basi. Mafuta basi. Nyama uitazame tu." Siku hiyohiyo akampima Natalia, akakuta damu imepungua. "Mama, wewe kula nyama. Maini, supu, kila siku ukiweza." Basi mume kaandikiwa majani, mke kaandikiwa ng'ombe. Na hao ndio watu wa sinia moja!

Natalia hana mchezo na maneno ya zahanati. Jioni akapakua sahani mbili. Yake ilikuja na mchuzi wa nyama unaong'aa, ya mumewe ikaja na mchicha wa kuchemsha uliolala chali kama mgonjwa. Onesphory alizitazama, moyo ukamshuka.

"Mama Helena, tumegombana?"

"Hatujagombana, Baba Helena. Ila mkono wako naujua. Ukikaa karibu na nyama hausikii."

Siku tatu alikula sahani yake mwenyewe akiwa mnyonge, hata mbwa akamwonea huruma. Siku ya nne alikuja na shauri. Sinia libaki moja, katikati ujengwe ukuta wa ugali. Upande huu mchicha wake, upande ule nyama ya mama. Natalia alifikiri, akakubali kwa sharti moja. "Siku nikikukamata umevuka, sahani mbili mpaka tuzikwe."

Onesphory aliapa. Na kweli, mtu yule hakuvuka hata kidole. Lakini kazi yake sijawaambia: ni mchimba mitaro. Nusu ya makinga maji ya kata ile, mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo wa mashamba, amechimba yeye, na mvua ikinyesha mlimani, yeye ndiye anayejua itapita kwa nani. Mtu wa namna hiyo humwekei ukuta wa ugali ukadhani umemaliza.

Natalia kabla ya kula husali, na husali kwa kirefu, macho kayafumba. Huanza na watoto, huenda kwa wagonjwa, humalizia na mifugo. Alipofika kwa mifugo, Onesphory alichomeka gunzi la hindi chini ya sinia, upande wa mkewe. Amina ikasemwa. Akaanza kumega ukuta kutoka chini, taratibu, kwa sababu ukuta hauna mwenyewe. Tundu likafunguka, mchuzi ukateremka wenyewe mpaka kwenye mchicha. Maji hufuata mkondo. Hakuna aliyevuka, mchuzi ndio uliovuka.

Ulikuwa mtamu, jamani! Aliumeza akitazama dari, uso wa mtu anayeteswa na mchicha. Wiki tatu alifanya hivyo kila jioni, na kila jioni aliombea mifugo kwa moyo wote.

Siku ya kurudi zahanati alikwenda akijikokota, kwa kuwa siku za mwizi ni arobaini na yeye alikuwa amezihesabu. Perpetua akamfunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatabasamu. "Hongera, baba! Imeshuka vizuri. Endelea hivyohivyo."

Onesphory alitoka mdomo wazi. Njiani akapata jibu: kumbe mchuzi wa nyama ni dawa! Aliwaambia watu wawili kabla hajafika nyumbani, na mmoja wao alikuwa katekista. Alimkuta Natalia uani anachambua maharage. Akasimama mbele yake, kifua mbele.

"Mama Helena, nisikilize. Wiki tatu nimekula mchuzi wako, na presha imeshuka. Bomoa ukuta."

"Najua," alisema Natalia, akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage.

"Unajua nini?"

"Gunzi. Tangu siku ya pili. Sinia limeinama namna ile, mimi kipofu?"

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungetafuta njia nyingine. Nikaacha kutia chumvi. Mafuta nayaengua, nampa mbwa."

Onesphory akamgeukia mbwa. Alikuwa amenenepa kweli, amelala kivulini bila wasiwasi wowote.

"Lakini ulikuwa mtamu!"

"Ulikuwa wa wizi, Baba Helena."

Alitaka kucheka, kisha akakumbuka jambo. Huyu ni Natalia asiyekula hata yai bila chumvi. Wiki tatu amemeza nyama chapwa kama karatasi, na kila jioni amemshukuru Mungu kwa chakula hicho, mume akiwa mbele anachimba mfereji. Aibu ilimshika Onesphory, aibu ya kweli, akakosa pa kuweka mikono.

Jioni ile aliingia jikoni mwenyewe, akamtoa mkewe nje. Akapakua sahani mbili, kwa mkono wake, yeye aliyeziogopa kuliko presha. Kwenye moja aliweka mchicha. Kwenye nyingine aliweka nyama na mafuta yake yote, kisha akatia chumvi, akaongeza kidogo, na kwa kuwa alikuwa haruhusiwi kuonja, akaongeza tena.

Natalia alitazama sahani, akamtazama mtu wake. Akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akasali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, akamega, akachovya, akatia mdomoni. Macho yakamtoka.

"Imekolea?" aliuliza Onesphory kwa wasiwasi.

"Imekolea," alisema Natalia, akanyoosha mkono kutafuta maji.