Wiki Tatu Nilizomnyamazisha Mume Wangu

Mume wangu alikuwa wakala wa forodha pale Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, mtu wa maneno mengi tangu asubuhi. Yeye Mkakwa wa Koboko, mimi Mlugbara wa Arua. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Alipoanza kuanguka kifafa nilimpeleka hospitali ya Arua, na picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe.

Nilimbana daktari kwa maswali. Akanieleza kwamba ubongoni kuna seli za neva, na kuna seli nyingine za kuzitegemeza, zinazozifunika na kuzilisha. Neva zikifanya kazi hutoa ishara, na seli hizo za kutegemeza huongezeka.

"Kwa mwenye afya ni jambo jema," alisema. "Lakini uvimbe wa bwana wako umetokana na seli hizo hizo. Ishara ile inaukuza."

"Kumbe akifikiri, unakua?"

"Kwa sehemu, ndiyo."

Sikusikia kitu kingine. Tuliporudi nyumbani Koboko nilizima redio, nikaficha simu yake, wageni nikawarudishia mlangoni. Akitaka kusimulia habari za malori, namwekea kidole mdomoni.

"Unanyamazisha mimi sababu gani?" aliuliza. "Mimi iko hai bado."

"Nyamaza, baba. Unalisha ugonjwa."

Akageukia ukuta. Wiki tatu tuliishi hivyo. Hata akikunja uso tu, nikijua anawaza, nilitamani kumwomba asiwaze.

Tuliporudi kwa daktari nilimsimulia jinsi nilivyomtunza, nikingoja anisifu. Akaweka kalamu chini.

"Mama, ubongo haunyamazi hata mtu akilala. Nilikueleza uvimbe unavyokua, sikukuambia umzuie kusema. Mwache aongee maadamu anaweza."

Tukiwa kwenye gari la kurudi nilimwambia, "Ongea, baba watoto. Ongea chochote."

Alipofungua mdomo, kilitoka Kikakwa kitupu. Uvimbe ulikuwa umemnyang'anya Kiswahili, na Kikakwa changu mimi ni cha sokoni: chumvi, bei, salamu. Alieleza jambo refu, akanishika mkono, akangoja jibu.

"Ndiyo," nilisema.

Akatikisa kichwa, akaanza upya, polepole, kama anavyofundishwa mtoto. Nililia mbele ya abiria wote. Mama yake, ambaye angemwelewa, alikuwa anatungoja Koboko. Lakini tulipofika mume wangu alikuwa amechoka, na jambo lile hakulirudia tena. Tulimzika kabla karanga za msimu ule hazijang'olewa.