Anayeshika Mkia Ndiye Katibu

Hakuna kitu kilichomkera Orpha kama mwanamume anayemwaga milioni kumi na tatu kwa mshambuliaji mmoja, kisha anajaza nyuma mabeki wa kuokoteza. Milioni hizo hazikuwa za kweli, zilikuwa za kwenye simu tu, lakini ufujaji ni ufujaji. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu anapewa milioni mia moja za bandia, ananunua nazo wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, na kila wikendi wachezaji hao wakicheza kweli uwanjani, yeye anavuna pointi kwa mabao yao, kwa pasi zao za mabao, na kwa mechi ambazo mabeki wake hawakufungwa. Mwenye jina kubwa ni ghali. Asiyejulikana ni bei ya kutupa, na hapo ndipo kichwa kinapotakiwa kufanya kazi.

Kichwa hicho Orpha alikuwa nacho. Alikuwa msusi, na saluni yake ya viti vitatu pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg, ilikuwa imemfundisha kwamba nywele za bei mbaya siyo lazima ndizo zinazodumu kichwani. Alitazama mambo ambayo wanaume hawakuyatazama: nani anaanza kila wiki bila kupumzishwa, nani anapiga kona, nani ana mechi tatu zijazo dhidi ya timu zinazochechemea. Msimu huu alikuwa amemwokota beki wa kushoto wa timu iliyopanda daraja juzi, kijana mwembamba ambaye hata watangazaji walikuwa wakilikosea jina lake. Bei yake milioni nne tu, na kona zote za timu zilikuwa zake. Wenzake aliokuwa akishindana nao kwenye simu walipomwona kwenye kikosi chake walicheka sana.

Wenzake hao tisa walicheza kwa kujifurahisha. Orpha alicheza ili aachiwe.

Watu wa Kalemie, kule Kongo, walioko Johannesburg wana chama chao cha kusaidiana, wanakiita mutualité kama nyumbani. Kinasaidia katika raha na katika shida, ingawa raha zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Mtu akifa, katibu ndiye anayehangaika: mochwari, cheti cha kifo, ubalozini Pretoria, kibali cha kusafirisha maiti, ndege ya Lubumbashi, na gari la kumalizia safari hadi Kalemie kwa barabara ambayo haitaki kumalizika. Uenyekiti wanaugombania, kwa sababu mwenyekiti anakaa mbele na kupewa soda ya kwanza. Ukatibu wanaukimbia, na miaka mitatu iliyopita waliukimbia mpaka mkutano mzima ukawa unatazama viatu vyake.

Ndipo mweka hazina, Elisée, askari wa ulinzi kwenye maduka ya Randburg na mtu anayejiona ana majibu ya kila kitu, akatoa wazo lake. Wana ligi yao ya simu, alisema; basi atakayeshika mkia msimu ukiisha, ndiye katibu wa mwaka unaofuata. Watu walipiga makofi kama wameokolewa. Orpha alikuwa ameingia ligini wiki ile ile, baada ya kubembelezwa ili watimie kumi, na alikuwa hajui hata kwamba mchezaji aliyevunjika mguu haleti pointi. Alikaa naye kikosini kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Akashika mkia, akawa katibu.

Msimu wa pili alikuwa ameshajifunza. Mpaka mwezi wa nne alimwacha mwenzake Alexis, fundi cherehani, nyuma yake vizuri tu, na Alexis ndiye aliyekuwa wa mwisho kwa haki na kwa sifa. Kisha mzee Mwadini, mmoja wa wanachama, akafariki. Jumamosi ambayo Orpha alitakiwa kubadilisha wachezaji, maana nusu ya timu yake haikuwa na mechi, alikuwa kwenye korido ya mochwari akibishana na mtu wa zamu kuhusu herufi moja katika jina la marehemu. Alipokumbuka simu, muda ulikuwa umepita. Kazi ya ukatibu ndiyo iliyomrudisha kwenye ukatibu. Ukimsimulia mtu asiyehusika anacheka mpaka anajishika mbavu, lakini Orpha roho ilimuuma, na iliendelea kumuuma.

Ilimuuma kwa sababu kazi hiyo ilikuwa inamla. Jumamosi ndiyo siku ya msusi, na Jumamosi ndiyo siku simu zililia. Kuna bibi harusi aliyeachwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, Orpha akikimbilia hospitali. Yule dada alimalizia kwa jirani na hakurudi tena, wala mashoga zake hawakurudi. Na kwa kuwa katibu ni msusi, familia zilianza kumwomba jambo lingine, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dogo: amtengeneze mama yao nywele kabla ya kufunga jeneza. Orpha hakuweza kukataa. Alisuka, akaosha mikono, akarudi saluni, akashika kichwa cha mteja chenye joto, na mara nyingine ilibidi asimame kidogo kabla ya kuanza. Alichoka. Hilo tu ndilo alilotaka waelewe, kwamba amechoka.

Kwa hiyo msimu wa tatu alijipanga kwelikweli. Jioni za Alhamisi, akifagia nywele sakafuni, aliwasikiliza makocha wakizungumza na waandishi, ajue nani ana maumivu ya paja na nani amegombana na bosi wake. Alinunua wa bei chee wanaofanya kazi, akauza wenye majina wanaokaa benchi wakitafuna ubani. Alexis, yule fundi cherehani mpole asiyekumbuka hata siku ya kuzaliwa kwa mkewe, alibaki chini yake kama kawaida. Mpaka Februari alikuwa bado anamchezesha mtu aliyeshahamia Uarabuni.

Halafu Alexis akaamka. Wiki moja alimnunua naye beki wa kushoto wa Orpha, maana mchezo unaruhusu watu wawili kuwa na mchezaji mmoja. Wiki iliyofuata akamnunua kiungo wa milioni tano ambaye Orpha alikuwa amemvizia mwezi mzima, na akamnunua kabla yake. Alianza kubadilisha nahodha, yule mchezaji mmoja anayezidishiwa pointi mara mbili, na kila aliyemteua alifunga. Orpha alimpigia simu kumuuliza amemjuaje yule kiungo.

"Aa, mama," alisema Alexis, mashine yake ikinguruma nyuma. "Ni bahati tu."

Bahati gani inakuja kila Ijumaa jioni? Orpha alibadilisha neno la siri la simu yake. Aliacha kuichaji kwenye soketi ya mbele ya saluni. Alianza kuwaangalia kwa jicho la pembeni wateja ambao hawajui hata mpira una upande gani. Pengo lilikuwa linaliwa polepole, na ikafika wikendi ya mwisho wa msimu yeye na Alexis wakiwa wameachana kwa pointi moja, yeye juu, na wengine wanane wakiwa mbali mbele yao.

Jumamosi hiyo mteja wake wa kwanza alikuwa Denise, mke wa Alexis. Alitaka misuko myembamba, ya kukaa mwezi mzima, na mdomo wake haukupumzika. Orpha alimsuka huku akimtania kwamba mumewe siku hizi amekuwa profesa wa mpira.

"Profesa?" Denise alicheka. "Alexis anajua mpira gani, dada? Ni Elisée njo anamuchagulia. Kila Ijumaa anafika nyumbani, anakula fufu yangu, anashika simu, anasema toa huyu, weka huyu. Wakati mwingine mwenyekiti naye anapiga simu kusema lake."

Vidole vya Orpha vilisimama. "Mwenyekiti naye?"

"Wote. Miye nilifikiri unajua." Denise alitaka kugeuka, akashindwa, maana nywele zake zilikuwa mkononi mwa mwingine. "Dada, unanivuta."

Orpha alilegeza. Alikimaliza kichwa hasira ikiwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Watu wazima tisa, wenye kazi na watoto, wamekaa wakapanga jinsi ya kumnyanyua mtu mvivu kuliko wote ili yeye azame. Alipobaki peke yake alifungua mchezo na kumfanya beki wake wa milioni nne kuwa nahodha. Kama ni kuzama, atazama na mtu wake.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wanachama walikaa kwenye ua wa kanisa, kila mmoja na simu yake, wakingojea mechi zote zianze kwa pamoja. Hakuna aliyemtazama Orpha usoni. Timu ya beki wake ilishikilia bila kufungwa mpaka karibu na mwisho, na kwa muda mfupi wenye utamu alikuwa huru. Kisha kocha akamtoa yule kijana, ambaye alikuwa anachechemea, na pointi zake zikaishia hapo. Dakika chache baadaye mshambuliaji wa Alexis, ambaye bei yake ingenunua mabeki watatu, alifunga kwa penalti. Orpha alikuwa wa mwisho kwa pointi mbili.

Waliingia ukumbini kwa mkutano. Elisée alisimama akiwa na tabasamu lake la kazini, lile la kuwafungulia watu geti, akaanza kutangaza matokeo.

"Keti, papa Elisée," alisema Orpha. "Fufu ya Denise ilikuwa tamu?"

Elisée alimtazama Denise, Denise akatazama dari.

"Mama Exaucé," alisema Elisée, akimwita kwa jina la mwanawe kama watu wanavyofanya wanapotaka kusamehewa, "tusikufiche. Ni kweli. Siye wote tulikubaliana. Mzee Mwadini alipokufa, ubalozini walikataa zile karatasi. Weye ulisimama pale dirishani mpaka wakachoka, wakasaini. Nani mwingine angesimama? Miye wangenifukuza. Hatutaki katibu mwingine."

"Kwa hiyo mukanifunga kamba."

"Hatukukufunga. Tulicheza tu."

"Eish. Mulicheza." Orpha alimgeukia Alexis. "Na weye? Tangu lini unakubali kubebwa?"

Alexis alisimama taratibu, kofia mkononi. "Mama, miye nilitaka kukataa. Kisha nikawaza: nikishika mkia, niko katibu. Na nikikufa nikiwa katibu, nani atanipeleka nyumbani? Ni miye mwenyewe? Vraiment, kweli kabisa mama, niliogopa."

Watu walicheka, na kidogo Orpha naye acheke. Hilo lilimuudhi kuliko yote yaliyotangulia, kwamba walimpenda, na kwamba upendo wenyewe ndio waliomfungia nao mlango. Angeweza kugombana na watu wanaomdharau. Hawa alikuwa hajui awashike wapi.

"Sawa," alisema. "Nyiye wote mumejipanga. Kila mumoja hapa analala akijua nani atamrudisha Kalemie. Na miye? Miye nikikufa, ni nani atanifikisha? Mtoto wangu alizaliwa hapa. Kifaransa hajui. Kalemie anaionaka kwa simu tu."

"Mungu apishe mbali," alisema mwenyekiti.

"Sijamuuliza Mungu, papa. Nimewauliza nyiye." Alimnyoshea kidole mweka hazina. "Elisée, Orpha amekufa leo asubuhi, nyumbani kwake. Unaanzia wapi?"

"Ubalozini."

"Ubalozini watakuuliza cheti cha kifo. Cheti unakitoa wapi?"

Elisée alijikuna shingo. "Kwa polisi?"

Orpha alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akaigeuza chupa yake ya soda asome kilichoandikwa nyuma. Denise alikuwa anazungusha ncha ya msuko wake mpya kwenye kidole. Katika ukumbi ule wenye watu waliovuka mipaka mitatu wakaishi, hakukuwa na hata mmoja aliyejua mlango wa kwanza wa kugonga, na Orpha aliona hofu ikiwaingia mmoja baada ya mwingine, ile ile aliyokuwa nayo yeye.

Mwishowe Alexis aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Miye, mama, ningepigia simu..." alisema, akanyamaza hapo hapo, mkono ukiwa bado juu. Jina lililomjia mdomoni lilikuwa la Orpha, na wote walilisikia bila yeye kulitamka.