Ukimya wa Fundi Taratibu

Mtaani kwetu hakuna mtu aliyewahi kumsikia Fundi Taratibu akipaza sauti, na ndiyo maana jina hilo lilimganda. Ukimpelekea redio iliyokufa anaiinamia, anaigonga mgongoni kwa kidole kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, halafu anakuambia kwa sauti ambayo inabidi usogee ndipo uisikie: "Iache. Itapona." Kibanda changu cha sabuni, sukari na barafu kinatazamana na karakana yake, na miaka yote hiyo nimezoea kumwita kwa kelele na kujibiwa kwa mkono. Marehemu mke wake alikuwa akisema kugombana na mumewe ni sawa na kugombana na pazia.

Ninamsimulia kwa sababu watu wanamsema, na wengi wanaomsema hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Tena nilimkasirikia kuliko wote, na hasira yenyewe haijaisha vizuri mpaka leo. Lakini siwezi kukaa kimya nikisikia eti alihongwa. Hakuhongwa na mtu. Kilichomponza ni kusifiwa.

Nyumba iliyoleta balaa ni ile ya ghorofa yenye ukuta mweupe na bwawa la kuogelea. Mwenyewe yuko ng'ambo, hata sura yake tumeisahau. Alimweka kijana mmoja wa miwani myeusi awe msimamizi, na nyumba ikaanza kukodishwa kwa siku. Mtu anaiona kwenye simu, anaikodi, anakuja na watu wake, na watu wa watu wake. Kila mwisho wa juma, jua likiwa bado la utosini, magari yalikuwa yanaziba njia na muziki unafunguliwa mpaka masufuria yangu yanaongea rafuni. Mwanzoni tulicheka. Tukaibatiza nyumba ile Ukumbi. Wengine, na mimi nimo, tukawauzia barafu. Kisha kicheko kikatukauka mdomoni, kwa sababu ya Dereva.

Dereva ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta na Ukumbi. Aliendesha malori ya safari ndefu maisha yake yote, mtu wa mbwembwe, anayesalimia mtaa mzima kwa honi. Alipostaafu kiharusi kikampiga, kikamchukua mkono na mguu wa upande mmoja, na ulimi juu yake. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimwambia mkewe, Mama Mapacha, kwamba maneno yanaweza kurudi, lakini mgonjwa apate utulivu na usingizi wa mchana, na asishtuliwe shtuliwe. Asishtuliwe, na ukuta wa chumba chake ndio huo huo waliouegemezea spika!

Nimekaa chumbani mle, nimeona. Besi ikigonga upande wa pili, vidole vya ule mkono mgonjwa vinajikunja. Ikigonga tena, vinajikunja tena. Mzee mzima analala macho juu, mkono unacheza muziki asioutaka. Mama Mapacha aliujaza ukuta magodoro na mablanketi. Haikusaidia kitu.

Sasa, Fundi Taratibu na Dereva si ndugu wa damu, lakini ukitaka kuwatenganisha utapata tabu. Fundi alipokuwa kijana wa kutengeneza tochi barazani, alikuwa analehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Dereva akarudi safari moja na chuma cha kulehemu cha umeme, kipya kabisa, akamtupia mapajani, akasema, "Acha kuchoma vidole, bwana mdogo." Tangu siku hiyo ni kaka, na Mama Mapacha ni shemeji. Kwa hiyo mama huyu alipokwenda karakana akalia, fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nitazungumza nao, shemeji."

Na wiki iliyofuata, kimya.

Magari yalikuja, watu waliogelea, walicheka, waliimba wenyewe kwa midomo yao. Lakini muziki hakuna. Wiki nyingine, vilevile. Tukasikia ndege tuliokuwa tumewasahau. Mama Mapacha alivuka barabara na kanga mabegani, akasimama mlangoni pa karakana, akauliza, "Shemeji, umezungumza nao?"

Fundi akaendelea kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Akasema, "Tumeelewana."

Ehe. Tumeelewana. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu nikiwa napima sukari, na mimi ndiye niliyelitembeza mtaani. Nilitia na chumvi kidogo, nikasema amewaweka sawa, wamenywea. Fundi akawa mtu. Akipita, wazee wanainuka kumpa mkono. Mama Mapacha akawa anamletea chai ya chupa kila asubuhi. Mkunga mstaafu, ambaye hajawahi kumsifu mwanamume yeyote, alisema mbele ya watu: "Yule haongei, anatenda." Na fundi, mtu aliyezoea kutazamwa kama stuli, alianza kuchomekea shati.

Tena Dereva akaanza kupona. Hilo ndilo jambo. Alikuwa analala mchana mzima bila kustuka. Mkono ukatulia. Siku moja Mama Mapacha alikuja kibandani anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui wapi, akaniambia, "Amesema chai! Ameiangalia chupa, akasema chai!" Tukakumbatiana katikati ya sukari. Baada ya hapo likaja jina la pacha mmoja, halafu la mwingine, halafu tusi moja la madereva ambalo tulilishangilia kama mashairi.

Nilichokuwa sikijui, na hakuna aliyekijua, ni kwamba spika za Ukumbi zilikuwa nyumbani kwa fundi. Ziliharibika. Msimamizi alizileta kwa gari dogo lililofunikwa turubai, akapitia mlango wa nyuma. Mimi niliona turubai, nikadhani ni friji. Fundi aliziingiza stoo, akazifunika shuka la marehemu mkewe, na zilikuwa humo tayari wiki mbili Mama Mapacha alipokuja kumuuliza kama amezungumza nao. Angeweza kusema, "Hapana, shemeji, zimekufa tu." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini alimtazama usoni akaona shukrani imeshafika, imeshakaa, na akashindwa kuirudisha.

Baadaye nilimuuliza, fundi, si mtu mzima wewe, kwa nini hukuziacha zife? Alinijibu akitazama vidole vyake. Alisema alikusudia. Aliziweka pale, akamwambia msimamizi vifaa havipatikani. Kisha siku moja akafungua moja, aone tu. Akakuta ile karatasi nyeusi ya mviringo, inayosukuma sauti, imechanika, na fundi mwingine kabla yake ameiziba kwa gundi ya viatu. Gundi ya viatu! Alinitajia hilo kwa uchungu kama mtu aliyeona maiti imevalishwa vibaya. Akaitoa. Akaisafisha. Akakata karatasi mpya, akaibandika, akaiacha ikauke, akazungusha waya wa ndani upya kwa mkono, uzi juu ya uzi. Alizijaribu kwa sauti ya chini kabisa, amezifunika na godoro, na zikaimba. "Dada," akaniambia, "sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile." Na machozi yakamlenga. Nilitaka kumpiga na kijiko cha sukari.

Basi msimamizi alipokuja na kusema atazipeleka kwa fundi wa mjini, fundi wetu akasema hapana haja, ziko tayari. Hakutaka mwingine aiguse kazi yake. Akazitoa kwa mlango ule ule wa nyuma.

Jumamosi ile Ukumbi ulifunguka upya, na haikuwa kama zamani. Zamani ilikuwa kelele. Sasa ilikuwa besi safi, nzito, inayoingia kwa miguu na kupanda mgongoni. Nilitoka kibandani nikaona Fundi Taratibu amesimama barabarani peke yake, chai ya Mama Mapacha mkononi haijafunguliwa, anasikiliza. Uso umemshuka. Nilidhani ni hasira kwamba wamevunja makubaliano, nikamwambia, "Usijali, fundi, tunakwenda wote sasa hivi." Akasema ana kazi. Nikamwambia kazi itasubiri. Akasema hajisikii vizuri. Mkunga akamshika mkono upande huu, mimi upande ule. Tukamvuta kama bwana harusi, masikini, naye anaburuta kandambili.

Tulikuwa watu wa kutosha kuziba lango. Mama Mapacha alikuwa mbele, macho mekundu. Alisema tangu muziki uanze Dereva hajatamka neno, anatoa sauti tu, na mkono umeanza tena. "Zungumza nao, shemeji," akamwambia fundi. "Kama ulivyozungumza siku ile."

Tukagonga. Lango likafunguliwa na yule kijana wa miwani myeusi, glasi mkononi, na nyuma yake watu wamelowa wanacheza kando ya bwawa. Akatutazama wote kwa uchovu, mpaka macho yake yalipomfikia fundi. Hapo uso ukachanua.

"Aaa, fundi! Mtu wangu! Ingia, ingia, usisimame nje!" Akageuka akawapigia kelele wenzake. "Jamani, huyu ndiye aliyezifufua spika! Wageni wananiuliza kama tumenunua mpya, nawaambia hapana, ni mkono wa jirani hapa hapa!" Wakamshangilia. Msichana mmoja aliyelowa akamrushia busu.

 Mkunga aliuachia mkono wa fundi. Mimi niliuachia wangu. Nilijiona mjinga, kwa sababu hadithi yote ya ushujaa ni mimi niliyeitembeza, na nilitamani ardhi ipasuke initangulize mimi kabla yake. Yeye alisimama pale na chupa ya chai, kama amepigwa picha.

Mama Mapacha ndiye aliyeuliza, tena kwa upole. "Zilikuwa kwako?"

"Ndiyo, shemeji."

"Wiki zile zote?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza?"

Fundi akaitazama chupa ya chai. Msimamizi alikuwa anatutazama mmoja mmoja, hajui kimetokea nini, akasema kama ni sauti tu atapunguza. Alipunguza kweli, tukapata hatua chache za nafuu, na kabla hatujafika kona akairudisha.

Watu walitawanyika bila kuagana. Hakuna aliyemtukana fundi, na nadhani angefurahi kutukanwa. Alitaka kuingia karakana yake, lakini Mama Mapacha akamwambia, "Hapana. Njoo kwangu kwanza." Akaniangalia na mimi. "Na wewe mtangazaji, njoo."

Chumba cha Dereva ni kidogo. Kitanda, kiti kimoja, chandarua kilichofungwa fundo, godoro lililosimamishwa ukutani, na glasi ya maji kwenye stuli. Maji yalikuwa yanatetemeka kwa miviringo midogo, kila besi ikigonga. Fundi aliiangalia ile glasi muda mrefu. Nadhani hakuwahi kuisikiliza kazi yake kutoka upande huo wa ukuta.

Dereva alimwona. Akahangaika kujiinua, upande mmoja wa uso ukatabasamu, akanyoosha mkono wake mzima. Fundi akaushika kwa mikono miwili. Dereva akavuta pumzi, akapigana na ulimi wake, sisi sote tukisubiri, na neno likatoka limevunjika vipande.

"A... san... te."

Nilitazama pembeni. Mtu yule alikuwa bado yuko kwenye zile wiki za kimya. Aliambiwa ni fundi aliyemletea usingizi, na hakuna aliyemwambia vingine.

"Shemeji," fundi akanong'ona, "mwambie."

"Mwambie mwenyewe," alisema Mama Mapacha.

Fundi akainama. Akasema kwa ile sauti yake, ambayo hata mimi niliyekuwa mlangoni niliona midomo tu.

"Eti?" Dereva akafanya kwa koo, akitega sikio.

Fundi akarudia kwa sauti kidogo. Besi ikaimeza.

"Eti?"

Akanitazama mimi, akamtazama shemeji yake, kama mtu anayeomba mlango. Hatukumpa. Ukutani kazi yake ilikuwa inagonga, safi, bila mkwaruzo. Ilibidi aishinde. Fundi Taratibu akajaza kifua, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapiga kelele.

"Ni mimi niliyezitengeneza, kaka! Ni mimi! Sikuzungumza nao! Zilikuwa kwangu, nikazitengeneza, nikawarudishia!"

Uani watoto waliokuwa wanachota maji walinyamaza. Jirani wa upande wa pili alifungua dirisha. Sauti ilikuwa imepasuka, mbaya, ya mtu asiyejua kupiga kelele.

Dereva alisikia. Niliona neno linamwingia polepole, kama linavyomtoka. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Alimtazama tu yule bwana mdogo wake wa tochi za barazani. Kisha akauchomoa mkono wake mzima kutoka mikononi mwa fundi, akauweka juu ya ule mgonjwa, akaushikilia, ili usiruke.