Shingo Ishirini na Tano

Sheria haikutaka maneno mengi. Kila mwezi, msafirishaji wa pombe apeleke serikalini taarifa: kreti ngapi zimepakiwa, zimeshushwa wapi, kwa nani. Chupa ikivunjika njiani, shingo yake irudishwe ikiwa na kizibo, ndio ushahidi kwamba haikunywewa. Bila shingo, karani huandika "imepotea", na kwa pombe, kupotea ni kuibwa. Dereva hufutwa kazi, kisha hukabidhiwa polisi.

Karani huyo nilikuwa mimi, miaka ya themanini, katika ofisi ya ghorofani katikati ya Nairobi. Mwenye kampuni alikuwa amenisifu mbele ya watu kwamba taarifa zangu hazina doa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilitia sumu.

Siku moja dereva wetu wa njia ya Kangemi, mtu wa rika la baba yangu, alirudi na upungufu wa kreti moja.

"Lori iliruka bampu, kreti ikaanguka, chupa zote zikavunjika. Panda unuse."

Nilishuka uani na wenzangu, nikapanda lori. Mbao zilikuwa zimelowa bia. Nilijua hasemi uongo.

"Shingo ziko wapi?"

"Nilitupa kwa shimo ya takataka, nyuma ya baa niliyokuwa nashushia. Watoto wa pale wanatembea miguu tupu, karani."

"Kwani sheria ndiyo iwanunulie viatu?" nilimuuliza, na wenzangu wakacheka. Kile kicheko kilininogea. Nikaandika: imepotea.

Kesho yake asubuhi alikuja na karai. Alikuwa amerudi Kangemi, akaingia shimoni na kufukua kwa mikono. Vidole vilikuwa vimefungwa matambara, damu imepenya. Nilihesabu shingo kwa ncha ya kalamu, nisiziguse: ishirini na tano, kreti nzima, kila moja na kizibo chake.

Taarifa ilikuwa kwenye droo yangu, haijapigwa hata muhuri. Kuiandika upya ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini alikuwa ananuka taka, wenzangu walikuwa wanatazama, nami sikutaka kuonekana nimekosea. Nilimwonea, na nilijua namwonea.

"Umechelewa, mzee. Imeshaenda."

Akauliza kama anaweza kuifuata huko ilikokwenda, hata kwa miguu. Nikamwambia haiwezekani.

Aliinua karai lake.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Asante kwa kunihesabia."