Sweta la Bibi Rhobi

Ukimwita Elieth akiwa katikati ya mstari, haitiki. Anainua kidole kimoja kutoka kwenye sindano, midomo ikihesabu vitanzi, mpaka mstari uishe. Ndipo anageuka na kusema "Shikamoo" au "Ndiyo, mwanangu," kutegemea nani amesimama. Mkuu wa shule amewahi kukingojea kidole hicho. Mchungaji aliyekuja kubariki bweni jipya alikingojea pia, juani, na baadaye akaniuliza kwa upole kama yule mama alikuwa anasali.

Ni matroni wa bweni la wasichana katika shule ninayofundisha, hapa Morotonga. Nyumba zetu zinapakana tangu nilipohamishiwa huku kutoka Ukerewe. Mimi natunza kabati la vitabu tunaloliita maktaba, na sina msomaji kama yeye. Anasoma huku anafuma. Kitabu anakilaza juu ya ndoo iliyopinduliwa, kurasa amezibana kwa vibanio vya nguo, na mikono inaendelea na kazi yake kana kwamba haijuani na macho. Nimejaribu kufanya hivyo. Nilipoteza vitanzi, na hadithi nayo sikuielewa.

Kabla ya likizo ya Juni mwaka huu kikapu chake kilikuwa na kazi tatu. Kulikuwa na kofia ya mtoto wa Neema, mpishi wetu, mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Kulikuwa na sweta la shule la binti yangu Judith, alilolifumua na kulianza upya kwa sababu kijani cha mikono hakikulingana na kijani cha kifua, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Na kulikuwa na sweta la Bibi Rhobi. Uzi hanunui dukani. Siku ya mnada anainamia marundo ya mitumba pale Mugumu na kuchagua masweta ya sufu ambayo watu wameyapita, yenye matundu au viwiko vilivyoisha. Anayafumua, anaufua uzi, kisha anauning'iniza kwenye kamba na jiwe chini yake ili unyooke.

"Wazungu wanajua kununua sufu," aliniambia siku moja akivuta uzi wa rangi ya kahawia. "Kumalizia mshono ndiyo imewashinda."

Kwa upande wa vitabu, alikuwa amemaliza riwaya ya dereva wa lori mwenye wake wawili. Aliirudisha akisema mwandishi amemhurumia dereva kupita kiasi. Akachukua kitabu cha ufugaji wa nyuki, ingawa hana hata mzinga mmoja, akakisoma kwa makini kuliko riwaya. Kwa ajili ya likizo alinikopa kitabu kinene cha upelelezi, akamsomee bibi yake kwa Kikurya, sentensi baada ya sentensi. Bibi ana masharti mawili tu: awepo mwizi, na akamatwe.

Bibi huyo anaishi Muriba, kwenye milima ya Tarime, ambako Juni ukungu hukaa mlangoni hadi karibu na adhuhuri. Mumewe alifariki mapema, bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kama desturi ya Wakurya inavyoruhusu, Bibi Rhobi alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa msichana aliyeitwa Regina, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Nyumba kama hiyo wanaiita nyumba ntobhu. Elieth na kaka yake Nelson walizaliwa humo. Regina alifariki wakiwa wadogo, na mwanamke aliyemwoa ndiye aliyewalea. Mara ya kwanza kusikia habari hii niliuliza maswali mengi ya kijinga. Elieth alisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema, "wengine mmezaliwa tu. Mimi nilikusudiwa."

Shida ilikuwa kifua cha bibi. Misimu miwili ya baridi ilikuwa imempeleka hospitali, na mara ya pili Nelson aliambiwa kwamba ya tatu huenda asiiweze. Mitumba bibi hataki, anasema hajui aliyeivaa kama alikufa nayo, ila uzi uliofumuliwa na kufuliwa kwake ni uzi tu. Elieth alimfumia sweta kwa kukumbuka mwili aliouacha nyumbani, kumbe mwili ule ulikuwa umepungua. Likampwaya, bibi akalitandikia kuku atamie mayai. La pili likabana, likaenda kwa mtoto wa jirani. Na kupimwa hakubali. Kwa maneno yake, anayepimwa kwa kamba ni yule anayechimbiwa kaburi.

Nilikuwapo Elieth alipomwomba kwa simu. Bibi alipaza sauti, maana haamini kwamba simu inafikisha. Elieth alinitafsiria baadaye, huku anafuta machozi ya kicheko. Wale wawili ni watani, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu.

"Unanipima ya nini, mke mwenzangu? Una haraka ya kubaki na mume peke yako?"

"Mume mwenyewe ulimzika kabla sijazaliwa."

"Ndiyo. Na bado ananipenda mimi."

"Basi nipime mabega tu."

"Pima ya kwako. Nilikubeba mgongoni, leo unanipima."

Hapo ndipo Elieth alipokosea. Alimpigia Nelson kwa siri, akamwambia amvizie bibi akiwa amelala, ampime. Nelson akamkuta mchana amejinyoosha uani juu ya ngozi, akachukua kamba ya katani, akaanza na bega. Bibi alifungua macho akaiona kamba juu ya kifua chake, na mjukuu wake wa kiume, ambaye shamba litakuwa lake, ameishika. Nelson alisema tu kwamba ni Elieth aliyemtuma, na maneno hayo yakazidi kuharibu.

Jioni Elieth alipiga simu kuomba radhi. Safari hii hakukuwa na kelele. Aliposhusha simu alikaa na sindano mapajani bila kuzigusa.

"Ameniita Elieth," akasema.

Nilimwambia ndilo jina lake.

"Hajawahi kuniita hivyo. Amesema hatavaa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Na nisiende."

Nilidhani ataahirisha safari. Mimi ningeahirisha. Mtu akiniambia nisije, huwa nashukuru kimoyomoyo kwa kupewa sababu. Jumamosi ile nilimkuta barazani na sweta la kahawia, lililobaki mkono mmoja tu kukamilika, akilivuta uzi. Lilikuwa linaisha mikononi mwake, mstari kwa mstari, na mpira wa uzi ukikua.

"Elieth, unafanya nini?"

Akainua kidole, lakini kwa mazoea tu, maana hakuwa anahesabu kitu. "Ile kamba ilishikwa kwa ajili ya hili," akasema. "Hata likimkaa, litakuwa la ile kamba. Nitalianza kule, mbele yake, kuanzia shingoni kushuka. Akitaka kujua linaenda wapi, ataliona. Akitaka kulijaribu, atalijaribu kila nikifika mahali."

"Na kama hakufungulii?"

"Ana mlango wa ng'ombe pia."

Akaondoka siku ya pili ya likizo, na mipira ya uzi ndani ya mfuko wa sukari na kile kitabu kinene cha upelelezi. Kofia ya mtoto wa Neema aliimalizia kituoni, basi likipakia magunia, akanipa dirishani.

Kwa siku kadhaa hakupiga. Nilifanya usafi wa maktaba, nikapanga vitabu upya, na kila nilipotazama milima ya kaskazini niliona mawingu. Mama yangu mimi alifariki nikiwa chuoni. Sijui kipimo cha mabega yake, wala hakuna niliyeweza kumwuliza. Nilifikiria mtu anayepanda basi kwenda kukaa nje ya mlango uliofungwa, na sindano zake.

Nelson ndiye aliyepiga kwanza. Alisema Elieth alifika, akasalimia, hakuitikiwa. Akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akafungua kitabu juu ya chungu kilichopinduliwa, akaanza kufuma na kusoma kwa sauti, Kikurya, kama vile anajisomea mwenyewe. Bibi alivumilia hadi sura ya tatu, ndipo akasema kutoka chumbani kwamba mwizi ni yule mwenye duka, hata mjinga angejua.

Jana Elieth alipiga mwenyewe. Nilisikia moto ukilia nyuma yake, na sauti ya mzee ikilalamika jambo. Nikamwuliza kama sweta limekwisha.

"Bado mkono wa kushoto," akasema. "Alilijaribu juzi, akakataa kulivua. Amelala nalo. Nikimwambia, bibi, vua nimalizie, ananijibu, fumia hapo hapo mwilini, mke mwenzangu. Basi naketi ubavuni pake nafumia hapo hapo. Nikufiche nini, mwalimu, mkono nauchelewesha."