Baridi ya Gari la Ramiro

Fidencio Arriaga alikuwa fundi wa mafriji katika maghala ya matunda ya Laredo, huku Texas, mpaka alipostaafu. Hawakujaliwa mtoto, yeye na mkewe Amparo. Mali yao ya kujivunia ilikuwa gari kuukuu, Buick ya mwaka sitini na sita, aliloachiwa na kaka yake Ramiro aliyekwenda vitani Vietnam asirudi. Enzi hizo ndilo gari pekee mtaani lililokuwa na kiyoyozi.

Amparo alipoanza kupoteza kumbukumbu, alisahau kwanza sufuria jikoni, kisha njia ya kanisani, kisha jina la mumewe. Alasiri, joto likipamba moto, alizunguka nyumba akilia na kuvuta vitasa vya milango. Alitulia akikalishwa ndani ya ile Buick tu. Lakini kiyoyozi chake kilishakufa zamani, na gari lililofungwa vioo katika joto la Julai ya Laredo ni tanuri.

Basi Fidencio akafungua boneti.

Jirani yake, Tacho, akaja na kiti chake na soda.

"Mzee, hiyo gesi ya kiyoyozi chake hata serikali imeipiga marufuku. Si ununue gari la kisasa?"

"Wewe si unalo la kisasa? Mbona kila Jumapili unaniomba lifti?"

"Naja kukuliwaza, bwana. Gari langu linakuonea huruma."

Kompresa, mtambo wa kusukuma gesi, ilikuwa imekwama. Akaishusha, akaifungua juu ya meza ya kulia chakula. Mipira ya kuzuia gesi ilikuwa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama mkate wa juzi. Akaweka mipya, akasafisha mabomba, akatia mafuta yanayopatana na gesi ya siku hizi. Alipoitoa hewa ya ndani kwa pampu, mshale wa geji, kile kipimo cha mgandamizo, haukutulia. Palikuwa na tundu linalovuja. Akajaza hewa ndani, akapaka povu la sabuni kwenye kila ungio mpaka akaona mahali linapochemka, akapachomelea. Safari hii mshale ukatulia. Alipojaza gesi na kuwasha, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Baridi ikaja. Akacheka peke yake kama mtoto.

Akamwita Amparo, akamfunga mkanda, wakaondoka polepole kuelekea mtoni. Amparo akafumba macho, upepo ukichezea nywele zake nyeupe. Machozi hayakuwepo tena. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Ramiro," akasema.

Fidencio akadhani amesikia vibaya.

"Ramiro, leo usinishushe mbele ya nyumba. Nishushe pale kona."

"Kwa nini?"

"Mdogo wako yuko barazani. Kila siku anatuchungulia, maskini."

Fidencio akapunguza mwendo. "Fidencio? Fidencio ana neno gani?"

"Hana neno. Kijana mzuri, mpole." Akaegemeza kichwa begani kwake. "Ananipenda, nadhani. Namwonea huruma tu."

Miaka hamsini na kitu ya ndoa, na hakuwahi kulisikia hilo. Aliendesha mpaka alipoona barabara haionekani vizuri, akaegesha gari kando, injini ikinguruma na baridi ikiendelea kuvuma. Amparo alikuwa bado amemwegemea begani. Alikuwa anatabasamu.

Kesho yake mchana, akamkuta Amparo mlangoni amevaa gauni la maua, amejipaka rangi ya mdomo nje ya midomo. Alikuwa anamngoja Ramiro. Fidencio akatoka kwa mlango wa nyuma, akaleta gari mbele. Ikawa hivyo siku baada ya siku.

Mara moja tu alishindwa kuvumilia. Walikuwa wameegesha mtoni, wakila barafu ya embe. "Amparo, nitazame," akasema. "Mimi ni Fidencio. Mumeo."

Amparo akamtazama. Barafu ikamdondoka kwenye gauni. Akaanza kulia kwa sauti, akipapasa mlango atoke.

"Ramiro yuko wapi? Mmempeleka wapi Ramiro?"

Fidencio akaushika mkono wake, akaongeza baridi.

"Niko hapa," akamwambia. "Nilikuwa natania tu. Niko hapa, mpenzi."