Mtu wa Kumi na Tano

Msimu wa raga wa ligi ya Pwani ulipoanza, Kadenge alikuwa na wachezaji ishirini na wawili pale Kisauni. Kufikia mechi ya mwisho walibaki kumi na wanne. Wengine walipata vibarua bandarini Kipevu, zamu zikawalia Jumamosi zote. Wengine walichoka tu kupigwa. Maana walipigwa kweli kweli, hawakushinda hata mara moja. Kadenge mwenyewe, nahodha na kocha kwa mpigo, alikuwa na miaka thelathini na minane, na Jumapili aliinuka kitandani kwa kushika ukuta.

Ligi ikaonya: timu isiyotimiza watu kumi na watano itafutwa. Kadenge akamwendea Nguma, rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa akisukuma mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapofungamana mabega na kusukumana, mpaka bega lilipomchomoka mwaka juzi. Sasa Nguma alipakia saruji Bamburi.

"Hutasukuma, ndugu yangu. Simama tu."

Nguma akacheka. "Skramu ya kusimama tu umeiona wapi?"

Lakini Jumamosi alikuja, jezi imembana tumbo.

Skramu ya tatu iliporomoka. Kadenge alisikia bega likitoka kabla Nguma hajapiga ukelele. Walimaliza wakiwa kumi na wanne, wakapigwa sitini na mbili kwa tatu. Timu haikufutwa.

Wiki tatu baadaye alikwenda kumjulia hali. Alimkuta Mercyline, mkewe Nguma, akimfunga mumewe vifungo vya shati.

"Daktari amesema hatabeba mzigo tena, shemeji," Mercyline alisema bila kumtazama. "Si mwezi huu. Maisha."



"Lakini timu imebaki?" Nguma akauliza.

"Imebaki."

"Basi."

Mercyline akatoka, akaubamiza mlango.

Ratiba ya msimu mpya ilipofika, Kadenge aliwapigia simu wote. Tisa waliahidi. Siku ya mazoezi walifika wawili, na mmoja alikuwa amekuja kurudisha jezi. Jumatatu Kadenge aliiandikia ligi kwamba timu imejiondoa.

Jioni hiyo alikutana njiani na Nguma, mkono ungali umefungwa kifuani.

"Mazoezi yanaanza lini, kaka?"

Kadenge alitazama kando. "Mvua ikipungua," akasema.